Jiji Hili Lina Wenyewe

Hotuba iliyotolewa kwa Kiswahili mbele ya familia zilizokusanyika magharibi mwa Sydney, ikaandikwa kwa ajili ya wasomaji.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, vijana mliojaa huko nyuma, salaam kwenu nyote. Kwa ndugu zetu wa Bukavu, Uvira na Bujumbura, jambo yenu.

Kabla sijasema lolote: ukumbi huu tuliokodi umesimama juu ya ardhi ya Wadarug, Waaborijini wa upande huu wa Sydney, yaani wenyeji wa asili wa Australia. Hawakuiuza, hawakuitoa zawadi, wala hawakutia saini mkataba wowote wa kuiachia. Nawapa heshima wazee wao waliotangulia na walio hai. Na kama yumo Mwaborijini humu ndani, wa taifa lolote lile, heshima hiyo ni yake pia.

Maneno ya namna hii mmeyasikia kwa Kiingereza mara nyingi, shuleni kwa watoto, kazini, uwanjani kabla ya mpira. Wengi wetu tunayaacha yapite masikioni tukingoja shughuli ianze. Leo nimeyasema kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu lugha tunayozikia, tunayoozea na tunayoombea ndiyo inayostahili jambo hili. Ila kuna mpaka. Kukaribisha watu katika nchi hii ni haki ya mwenye nchi. Mdarug ndiye awezaye kusimama hapa akasema "karibuni". Mimi mgeni sina mamlaka hayo. Ninachoweza ni kukiri kwamba wapo.

Na hapo ndipo tunapoteleza. Wengi tulikuja na picha moja kichwani: jangwa, mwamba mwekundu, mzee mwenye mkuki amesimama kwa mguu mmoja. Tukashuka uwanja wa ndege, tukaona maghorofa, tukasema basi, wenyeji wako mbali huko bara, na kama hapa waliwahi kuwepo wamekwisha. Sivyo. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 812,728 waliojitambulisha kuwa Waaborijini au watu wa visiwa vya Torres Strait, na wengi mno wao wanaishi kwenye majiji na miji, si jangwani. Hapahapa Blacktown na Mount Druitt pana mojawapo ya jamii zao kubwa kabisa za mjini. Ni yule mama aliye nyuma yako kwenye foleni ya duka la dawa. Ni mwalimu wa chekechea wa mwanao. Ni kijana anayecheza timu moja na kijana wako.

Na tafadhali, ukikutana na mtu mwenye ngozi nyeupe akakwambia yeye ni Mwaborijini, usimwulize ana asilimia ngapi ya damu ya Kiaborijini. Katika nchi hii serikali ilikuwa ikiwachukua watoto kwa wazazi wao, hasa wale wenye rangi ya maji ya kunde, na kuwapeleka kwenye mabweni na kwa familia za kizungu ili wasahau kwao. Jambo hilo liliendelea mpaka miaka ya 1970, na bunge lilikuja kuomba radhi mwaka 2008. Wapo walioijua jamaa yao wakiwa na mvi. Swali lako la asilimia linatonesha kidonda hicho.

Sasa twende katikati ya jiji. Kila mgeni wetu anayekuja kutoka nyumbani tunampeleka Opera House, lile jumba la maonyesho kwenye rasi ya bandari, akapige picha. Rasi ile wenyewe, Wagadigal, waliiita Tubowgule. Tarehe 26 Januari 1788 merikebu 11 za Waingereza zilitia nanga ghuba ya jirani, Warrane, zikiwa zimebeba wafungwa, askari na maofisa, zaidi ya watu 1,000. Kwenye rasi ile walikuta marundo makubwa ya maganda ya chaza na kome. Yalikuwa mabaki ya mlo wa vizazi na vizazi: watu wamekaa ufukweni, wamewasha moto, wamekula, wameacha maganda palepale, na wajukuu wao wakaja kula juu ya rundo lilelile.

Koloni likahitaji chokaa ya kujengea, na mawe ya chokaa hayakupatikana karibu. Basi maganda yakazolewa yakachomwa. Ninyi wa Lamu, Mombasa na Unguja mnajua matumbawe yanavyochomwa tanuruni mpaka yakawa unga mweupe, ukachanganywa na mchanga na maji, ukashika jiwe kwa jiwe. Ndivyo ilivyofanyika hapa kwa maganda ya Wagadigal. Matofali ya nyumba ya kwanza ya gavana yalishikana kwa unga wa karamu zao, na rasi ile kwa muda ikaitwa ya Wachoma Chokaa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Waaborijini hawana alama katika jiji hili, namwambia walikuwamo ndani ya kuta zake za kwanza.

Leo rasi ile inaitwa Bennelong. Woollarawarre Bennelong alikuwa Mwangal, mtu wa upande wa kusini wa mto Parramatta. Novemba 1789 gavana Arthur Phillip aliamuru akamatwe, yeye na mwenzake Colebee, kwa sababu alitaka watu wa kumfundisha lugha na desturi zao. Alifungwa minyororo, akatoroka, halafu akarudi kwa hiari yake na kwa masharti yake. Akajengewa nyumba ndogo ya matofali kwenye rasi ile. Mwishoni mwa 1792 alisafiri na Phillip kwenda Uingereza pamoja na kijana aitwaye Yemmerrawanne. Kijana alifia huko mwaka 1794, Bennelong akarudi mwaka uliofuata. Vitabu vya zamani vilimwandika kama mtu aliyepotea kati ya dunia mbili akamalizikia kwenye ulevi. Mimi namwona kama mwanadiplomasia aliyejaribu kuwaingiza wageni katika undugu ili wawe na wajibu, kama ambavyo wazee wetu wa pwani walivyofanya na wafanyabiashara kutoka ng'ambo. Wageni walichukua undugu, wakaacha wajibu. Alifariki mwaka 1813, akazikwa Putney, ukingoni mwa mto.

Mkewe aliitwa Barangaroo, wa ukoo wa Cammeraygal, ng'ambo ya kaskazini ya bandari. Juu yake nataka nikae kidogo, maana jina lake sasa limeandikwa kwenye vibao vya treni na wengi mnalitamka bila kujua ni la mtu. Katika bandari hii wavuvi wa mshipi walikuwa wanawake. Mitumbwi yao ilikuwa ya gome la mti, limefungwa ncha mbili, ukingo wake karibu unagusana na maji. Katikati ya mtumbwi mwanamke aliweka udongo, na juu ya udongo akawasha moto, ili apate joto na samaki aliwe akiwa wa moto. Mtoto yuko begani au mapajani. Alitafuna kome akatema majini kuvuta samaki. Ndoana aliitengeneza mwenyewe kwa ganda la konokono wa baharini, akilisugua juu ya jiwe mpaka likawa na umbo la mwezi mwandamo, linang'aa, na mshipi akausokota kwa nyuzi za magome. Waingereza walioandika habari za siku zile walisema waliwasikia wakiimba huku wakivua. Barangaroo alialikwa kwenye meza ya gavana, akakataa kuvaa nguo zao na akakataa kunywa mvinyo wao. Alikufa mwaka 1791.

Mahali panapoitwa Barangaroo leo pana bustani nzuri upande wa kaskazini, na kusini yake pana ghorofa refu kuliko yote Sydney, lenye kasino ndani. Nalisema bila kuzunguka: jina la mtu juu ya ghorofa halitoshi. Heri ile kazi ya Judy Watson, msanii wa asili ya Kiwaanyi, iliyosimamishwa mwaka 2022 kwenye mwinuko wa majani unaotazama Opera House: ndoana kubwa ya marumaru nyeupe, umbo lilelile la mwezi mwandamo. Mpeleke binti yako pale. Mweleze jinsi ganda lilivyosuguliwa, halafu mwonyeshe bandari.

Tuna methali yetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na katika miezi michache ya mwaka 1789 ndui iliua watu wa bandari hii kwa idadi ambayo Phillip mwenyewe aliikadiria kuwa nusu yao. Maiti zilikutwa mapangoni na kwenye fukwe. Koo zilizobaki na watu wachache zikaungana ili ziendelee. Wakati mwingine huwa naulizwa kwa nini Wagadigal hawakupigana. Kwanza, waliokuwa wamebaki walikuwa wanazika. Pili, watu walipigana.

Mnaokaa kitongoji cha Pemulwuy, jina lenu la mtaa ni la shujaa. Pemulwuy alikuwa Mbidjigal. Kuanzia mwaka 1792 aliongoza mashambulizi dhidi ya mashamba ya walowezi, na mwaka 1797 alipigana nao palepale Parramatta tunapobadilisha treni. Alipigwa risasi akaanguka, akapelekwa hospitali na pingu za miguuni, akatoroka nazo. Aliuawa Juni 1802. Kichwa chake kikakatwa, kikatiwa kwenye pombe, na Gavana King akakipeleka Uingereza kwa mwanasayansi Joseph Banks. Hakijapatikana mpaka leo.

Watanzania mlio hapa hamhitaji kuelezwa zaidi. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilichukuliwa na Wajerumani baada ya kifo chake mwaka 1898, likatajwa kwenye Mkataba wa Versailles, likarudi Kalenga mwaka 1954. Wahehe walilingoja miaka 56. Watu wa Pemulwuy wanangoja kwa zaidi ya miaka 200. Ukipata nafasi ya kuzungumza na jirani yako Mwaborijini na hujui uanzie wapi, msimulie habari ya Mkwawa. Atakuelewa kabla hujamaliza.

Miaka ya katikati nitaipita haraka: ardhi ikachukuliwa, watu wakapangiwa pa kukaa, wakapangiwa mshahara, wakapangiwa hata ruhusa ya kuoana. Nataka tufike 26 Januari 1938. Siku hiyo jiji liliadhimisha miaka 150 ya kutia nanga kwa gwaride. Waaborijini waliletwa kutoka Menindee, mbali huko magharibi, waigize kukimbia mbele ya Waingereza, na usiku wakalazwa kwenye kambi ya polisi Redfern, kitongoji kilicho karibu na katikati ya jiji. Siku ileile, Jack Patten, William Ferguson na William Cooper, pamoja na wenzao, walikuwa wameitisha Siku ya Maombolezo katika ukumbi wa Australian Hall, barabara ya Elizabeth. Walisubiri gwaride lipite, ndipo wakaandamana kimya wakiwa wamevaa nguo nyeusi. Walipofika, waliruhusiwa kuingia kwa mlango wa nyuma. Wakaingia, wakakaa, wakapitisha azimio la kudai uraia kamili na usawa. Jengo lile bado lipo. Liko mwendo mfupi kutoka stesheni ya Museum, na unaweza kusimama mbele yake hata kesho.

Wengi wetu humu ndani tulikula kiapo cha uraia tarehe 26 Januari, maana halmashauri nyingi hutoa uraia siku hiyo. Simkosoi mtu. Ukingoja miaka kambini Kakuma au Nyarugusu, unachukua tarehe unayopewa na unashukuru Mungu. Ninachosema ni kwamba siku hiyohiyo iliyotupa sisi pasipoti ndiyo siku ambayo wenye nchi wanaomboleza, na haiwezekani tuijue nusu moja tu. Kila mwaka siku hiyo, Victoria Park karibu na Chuo Kikuu cha Sydney, wanafanya tamasha lao la Yabun: ngoma, muziki, mijadala, vibanda vya vyakula. Familia zinakaribishwa, na kuingia ni bure. Nyama choma yetu ya siku ya mapumziko inaweza kuanza saa kumi jioni baada ya kutoka huko.

Sasa Redfern. Waaborijini wengi walihamia pale kutoka vijijini kufuata kazi, hasa kwenye karakana za reli za Eveleigh. Polisi wakawaandama mitaani na kwenye baa. Jawabu lao lilikuwa kujenga vyombo vyao wenyewe: huduma ya sheria mwaka 1970, zahanati mwaka 1971, jumba la maigizo mwaka 1972. Mwaka 1973, ambao ndio mwaka Opera House ilifunguliwa kwa fataki na malkia, shirika lao la nyumba lilipata fedha za serikali likaanza kununua zile nyumba za safu zilizokuja kuitwa The Block. Huduma ile ya sheria na zahanati ile ndizo za kwanza za Waaborijini nchini. Zikawa mfano kwa nchi nzima. Mtu wa kwetu anayesaidiwa leo na wakili wa bure au kliniki ya jamii anafaidi njia waliyoifyeka wao.

Katikati ya hayo alikuwepo mama mmoja Mwiradjuri, Shirley Smith, ambaye kila mtu alimwita Mum Shirl. Hakupata shule ya maana, alisumbuliwa na kifafa tangu utotoni. Kaka yake alipofungwa, alianza kwenda kumwona jela, na akiwa huko akawa anawaona na wengine ambao hawakuwa na mtu wa kuwatembelea. Askari jela wakimwuliza wewe ni nani wa mfungwa huyu, anajibu: mimi ni mama yake. Kesho yake kwa mfungwa mwingine, jibu lilelile. Jina likamganda. Alizunguka magereza ya jimbo zima, akalea watoto wa watu nyumbani kwake, akawa miongoni mwa waanzilishi wa huduma ya sheria na zahanati. Alifariki mwaka 1998. Katika jamii yetu tuna mama zetu wa aina hii, mnawajua, wengine wamekaa safu ya mbele hapa. Ndiyo maana nawaomba mumsimulie Mum Shirl kwa watoto kabla ya magavana na majina ya merikebu.

Najua mwaka 2023 tulipiga kura ya maoni juu ya kuwapa Waaborijini sauti katika katiba, na asilimia 60 hivi ya wapiga kura walikataa. Wapo waliofikiri habari imefungwa pale. Lakini Opera House bado inawashwa michoro yao kwenye mapaa yake yenye umbo la tanga jioni ikiingia, vikundi vya kufufua lugha ya Kidarug vinaendelea, na pale Hyde Park risasi za Tony Albert ziko palepale.

Risasi hizo lazima nizieleze. Ni sanamu ya mwaka 2015, ukubwa wake mita saba: risasi nne zimesimama, maganda matatu yameanguka. Babu yake msanii, Eddie Albert, alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili. Alitekwa, akatoroka na wenzake sita, wakakamatwa, wakapangwa mstari. Watatu waliuawa kabla afisa mmoja hajasimamisha. Waaborijini waliporudi kutoka vitani, wenzao wazungu waligawiwa mashamba, wao karibu wote hawakupata. Wajukuu wa maaskari wa Keya, lile jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma na kurudi mikono mitupu, sanamu ile ni yenu pia kuisoma.

Umeona kwamba nimesimulia habari zilizoandikwa na zilizosemwa hadharani na wenyewe. Ziko nyingine sikuzigusa. Hadithi za uumbaji, za nyota, za mahali patakatifu zina wenyewe, kuna mwanamume asiyeruhusiwa kusikia za wanawake na kinyume chake, kuna zisizotoka nje ya ukoo. Msizitafute mkazitafsiri mkazitia kwenye kitabu cha watoto kwa sababu ni tamu. Wazee wa jando na unyago wanajua ninachosema.

Na kuna jambo moja ambalo vijana huniletea kwa furaha: sarafu za Kilwa. Ni kweli. Mwaka 1944 askari mmoja wa kikosi cha anga aliokota sarafu za shaba kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa, nchi ya Wayolngu, na tano kati yake zikatambuliwa kuwa za masultani wa Kilwa. Zilifikaje, hakuna aliyethibitisha; huenda zilipita mikono mingi ya wafanyabiashara. Zinanifurahisha kama zinavyowafurahisha ninyi. Lakini nimesikia mtu akizitumia kudai kwamba sisi tulifika kabla ya Waingereza, kwa hiyo na sisi tuna haki yetu ya zamani hapa. Hapana. Sarafu iliyodondoka ufukweni haimfanyi mtu mwenye nchi. Walioishi pale wakati huo walikuwa Wayolngu, na wapo mpaka leo.

Basi nina maombi. Harusi, hitima na ibada zetu zianze kwa kuwataja wenye ardhi, kwa Kiswahili, na anayesema aseme jina la watu wa mahali husika: huku kwetu Wadarug, katikati ya jiji Wagadigal. Tukitaka kukaribishwa rasmi, tuwaandikie Baraza la Ardhi la Waaborijini la Deerubbin mapema, na tuwalipe, maana ni kazi. Shule yetu ya Jumamosi ya Kiswahili iwe na ramani yenye majina yote mawili, Warrane na Sydney Cove, Tubowgule na Bennelong.

Na tumepanga kwenda pamoja: kwanza jumba la makumbusho la Sydney, palipokuwa nyumba ile ya gavana, ambapo Fiona Foley na Janet Laurence walisimamisha nguzo 29 za mbao, mawe na chuma mwaka 1995, na ukipita katikati yake unasikia sauti zikitamka majina ya mahali kwa lugha ya wenyewe. Halafu ndoana ya Judy Watson, halafu Hyde Park, tumalizie Redfern. Atatuongoza Mwaborijini mwenyewe, na ada yake tumeshaichangia kwenye mfuko wa jamii. Daftari la majina liko pale mlangoni. Watoto chini ya miaka 12 waje na mzazi, na kila mtu avae viatu vya kutembea. Asanteni sana.